Neno la Kiingereza "Deprive" na Maana Zake

Wasikilizaji wetu, kila tufundishapo Kiingereza hapa Pasua, mwanafunzi huinuka na kusema kwamba "deprive" maana yake ni kunyima. Hakukosea, lakini ameshika nusu ya neno, na nusu aliyoiacha ndiyo nzito.

Natutazame maji ya mfereji kule mlimani. Leo ni zamu ya jirani yako, nawe wamwomba kidogo, naye akataa. Umenyimwa. Lakini zamu ikiwa yako, na jirani akaugeuza mfereji usiku hata migomba yako ikakauka, hukunyimwa: umenyang'anywa. Kwa mambo yote mawili Mwingereza aweza kusema "deprive". Tena hulitumia hata pasipo mkosaji: maumivu ya jino hukukosesha usingizi, naye husema neno lile lile.

Mpangilio wake nao huwasumbua wengi. Kiingereza hutaja mtu kwanza, kisha "of", ndipo kitu. Sisi twasema, "Wamemnyang'anya mjane kihamba," maneno mawili yakifuatana bila kiungo; kwa hiyo wanafunzi huisahau "of" hiyo, na sentensi yao huchechemea. Mtu akiondolewa cheo, "strip" lafaa zaidi, nasi pia husema kavuliwa.

Kuchagua kati ya kunyima na kunyang'anya si mchezo wa darasani. Mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, ili ardhi ile wapewe wafugaji wa Kizungu. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alipeleka malalamiko yao mpaka Umoja wa Mataifa, New York, akisaidiwa na Earle Seaton, mwanasheria aliyefanya kazi hapa hapa Moshi. Ukisimulia kwamba Wameru "walinyimwa" ardhi, msikilizaji atadhani walikwenda kuomba wakakataliwa. Kumbe walikuwa wakikaa humo, wana nyumba, mifugo na mashamba.

Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 yaliangalia jambo hili vema. Katika ibara ya 24, ihusuyo mali, pale nakala ya Kiingereza isemapo "deprived", Kiswahili chasema kunyang'anywa. Ibara ya 15 yatumia neno hilo hilo kwa uhuru wa mtu.