Dirisha Kwanza, Mkeka Baadaye: Kuchagua Kamera Chini ya Mlima Meru

Saa moja asubuhi, msituni karibu na kreta ya Ngurdoto, mbega ametulia tawini. Joho lake jeupe limedaka mwanga; mwili wake mweusi umezama kivulini. Mpige picha, kisha ikuze hadi uone manyoya ya begani. Hapo ndipo kamera inapopimwa: ama utaona unywele mmoja mmoja, ama chengachenga tupu.

Wapiga picha wengi wa Arusha, wa harusi na wa safari, huamini tofauti hiyo huletwa na ukubwa wa kihisi, kile kipande kinachopokea mwanga badala ya filamu. Wako sahihi, ila wameshika nusu ya jambo.

Kihisi cha fremu kamili kina milimita 36 kwa 24. Vipimo hivyo vimerithiwa kutoka filamu ya sinema ya milimita 35, ambayo Oskar Barnack aliitumia kuunda Leica, kamera iliyoingia sokoni mwaka 1925. Kihisi cha APS-C kina takriban milimita 23.5 kwa 15.6. Cha Micro Four Thirds, mfumo uliotangazwa na Olympus na Panasonic mwaka 2008, kina 17.3 kwa 13. Ukipiga hesabu, eneo la fremu kamili ni karibu mara nne ya hicho kidogo.

Sasa chukulia kihisi ni mkeka na lenzi ni dirisha. Ukitandika mkeka mpana, mwanga wa chumbani hauongezeki. Unaongezeka ukipanua dirisha.

Upana wa dirisha hilo hupatikana kwa kugawa urefu wa fokasi kwa namba ya f. Lenzi ya milimita 300 yenye f/4 ina dirisha la milimita 75. Ukiifunga kwenye kamera ya Micro Four Thirds, mbega atajaa kwenye picha sawa na anavyojaa kwa lenzi ya 600 kwenye fremu kamili. Lenzi ya 600 yenye f/4 ina dirisha la milimita 150: kipenyo mara mbili, mwanga mara nne. Hapo fremu kamili inashinda waziwazi. Lakini lenzi ya namna hiyo ina uzito wa kilo 3 hivi, na bei yake ni ya gari lililotumika.

Punguza tundu la 600 hiyo hadi f/8, na dirisha litarudi milimita 75. Kamera ndogo ikipiga kwa 1/500 ya sekunde na ISO 3,200, fremu kamili italazimika kupanda hadi ISO 12,800 ili ilingane nayo. Kama vihisi ni vya kizazi kimoja, chengachenga zitakaribiana sana. Hata ukungu wa nyuma ya mbega utafanana.

Kwa hiyo anza na kazi yako. Ukipiga ukiwa garini, lenzi nzito italala juu ya mfuko wa maharage dirishani, na uzito si hoja. Lakini Hifadhi ya Taifa Arusha inaruhusu kutembea kwa miguu pamoja na askari mwenye silaha, na huko kila gramu iko begani mwako. Anayepanda Meru, mita 4,562, huondoka kibanda cha Saddle usiku ili alikute jua likichomoza upande wa Kilimanjaro. Kwa mandhari ya mchana kweupe, kihisi kidogo kinamtosha kabisa. Mpiga picha wa harusi kwenye ukumbi wenye taa hafifu ndiye anayefaidi fremu kamili, kwa sababu lenzi fupi zenye dirisha kubwa kwa mfumo huo hazimvunji mgongo wala mfuko.

Kabla hujalipa, azima kamera pamoja na lenzi utakayoimudu kweli. Kama mbega yuko mbali, simama chini ya mti na maharusi: suti nyeusi, shela jeupe, kivuli kizito. Piga, kisha kuza bega la bwana harusi. Ukiziona nyuzi za kitambaa, umepata kamera yako, hata kama mkeka wake ni mdogo.