Bata la Kunduchi, Bibi Yupo Rohoni

Oya wanangu wa Nkuhungu, Dodoma, hili swali limeshazunguka kitaani vya kutosha, kuanzia kijiwe cha bodaboda mpaka kwenye foleni ya madumu: ukifiwa na bibi yako, bibi aliyekulea, unaanza kula bata lini? Kuna wanaosema arobaini ikipita freshi. Wengine wanataka mwaka uishe. Na kuna wale ambao hawasemi kitu, wanakukata jicho tu unavyotupia pamba Jumamosi kwenda mnada wa Msalato kula nyama, na lile jicho linatosha kukurudisha geto.

Mimi nina jibu langu na sivungi. Bata na kumbukumbu vinaweza kulala nyumba moja, na wazee wetu walijua hilo kitambo. Sisi ndio tumevitenganisha, kwa sababu msiba tumezoea kuuona kwenye stetasi: picha ya marehemu, mshumaa, maneno mawili, imeisha.

Cheki kilichotokea msibani kwetu tulipofiwa na bibi. Watani walitimba mapema. Asiyejua mambo ya utani angedhani wamekuja kuleta fujo. Mama mmoja akajifunga kitenge cha bibi, akashika fimbo yake, akaanza kutembea vile vile kama bibi, mguu wa kushoto ukichelewa kidogo, huku anatugombeza: "Nani kamaliza karanga zangu?" Mwingine akazama kaburini, akalala chali, akagoma kutoka mpaka apewe hela ya soda. Bamkubwa, ambaye tangu asubuhi alikuwa amekaza sura, akaangua kicheko mpaka akakaa chini. Halafu akalia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulia siku ile, na naamini bila kile kicheko lile chozi lisingetoka.

Utani wa namna hii upo kwa makabila mengi ya Tanzania. Mtani haombi ruhusa, na mfiwa haruhusiwi kumaindi. Ni kazi, na ni nzito kuliko kulia, maana wewe jaribu kumchekesha mtu aliyetoka kufiwa na mama yake.

Na bibi mwenyewe ndiye alikuwa mtani wetu wa kwanza. Kwetu mjukuu wa kiume ni mume wa bibi, na mabinamu zangu wa kike walikuwa wake wenza wake. Nikirudi shule namwamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," naye anaitikia halafu anauliza, "Mume wangu, leo umeniletea nini?" Nikikosa ananitishia talaka, anasema kuna kijana wa Kizota anamtaka. Mabinamu nao wakichelewa kuleta kuni anawaambia wanataka kumuua njaa wabaki na bwana. Alipoondoka tulikosa vingi, ila kinachonichoma mpaka leo ni hicho. Hakuna mtu duniani anayeniita mume wangu kwa ile sauti.

Sasa tuje kwenye safari yetu ya Kunduchi, maana ndiyo iliyozua maneno. Bibi hakuwahi kuiona bahari. Treni ya umeme ya SGR ilipoanza kupiga ruti ya Dar–Dodoma, 25 Julai 2024, alisikia redioni kwamba inakimbia mpaka kilomita 160 kwa saa na daraja la kawaida ni buku 31. Akasema, hiyo lazima nipande. Wajukuu tukaanzisha kikoba. Mchongo ulikuwa twende naye Dar, tumuonyeshe bahari, halafu watoto wakacheze kwenye mitelezo ya maji ya Kunduchi Wet 'n' Wild huku yeye amekaa kivulini anatucheka. Mungu akamchukua kabla. Kikoba kikabaki na mkwanja wake, na hakuna aliyetaka kuugusa.

Tulibishana kinoma. Wengine walitaka hela iende kwenye kujengea kaburi. Mama mdogo ndiye aliyekata mzizi: kaburi litajengwa, hilo halina mjadala, lakini hii hela bibi aliijua ni ya nini. Alishaishangilia. Ukiibadilishia kazi umemnyima mara mbili. Basi wiki ile ya kutimiza mwaka, baada ya ibada ya kumuombea, tukasepa.

Ndani ya treni tulibeba vitu vyake: karanga za kukaanga, ubuyu, zabibu za Dodoma kwenye ndoo ndogo. Pale Kilosa treni inaingia kwenye mahandaki, giza linakuja ghafla, watoto wakapiga kelele behewa zima. Tukaanza kumsimulia palepale. Angesema nini? Angeshika mkono wa nani? Kila mtu alikuwa na bibi yake kidogo, na kwenye ile stori nilisikia mambo ambayo sikuwahi kuyasikia msibani, kwa sababu msibani watu wanaongea kwa adabu mno.

Kunduchi kuna kitu ambacho wengi wanaoenda kuteleza kwenye maji wanakipita tu. Karibu na hapo kuna magofu ya msikiti wa kale wa Waswahili na makaburi ya zamani, mengine yana nguzo ndefu, na kwenye nguzo walipachika vyombo vya kauri vilivyokuja kwa majahazi kutoka China. Makaburi hayo mengi ni ya karne ya 18 hivi. Tulianzia hapo asubuhi, na nashauri kila mtu afanye hivyo. Fikiria mtu ana bakuli zuri, limevuka bahari nzima, angeweza kulilia pilau mbele ya wageni akapata sifa. Analipachika kwenye kaburi la mpendwa wake. Binamu yangu wa darasa la tano aliuliza kama bibi naye anaweza kuwekewa kikombe chake cha chai, kile cha bati chenye maua. Tumekubali.

Kisha tukaingia kwenye maji, na hapa ndipo iliponishika. Sisi ni watu wa Dodoma. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili kama imeamua kuja vizuri, na mwaka mzima haifiki hata milimita 600 kwa kawaida. Nkuhungu tunayajua maji ya mgao, tunayajua madumu ya njano kwenye mkokoteni, tunajua kuamka saa tisa usiku kwa sababu bomba limekohoa. Bibi alikuwa na ndoo moja inayofanya kazi tatu: aoshe mboga, yale yale adekie, yanayobaki amwagilie mpapai. Halafu wewe mjukuu wake umesimama juu ya ngazi, mbele yako maji yanashuka bila kukoma, kazi yake ni kukuteleza tu. Nilisimama pale mpaka walio nyuma wakaanza kuzomea. Kisha nikajiachia. Nilipotua chini nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, na kwenye maji hakuna anayejua kipi ni kipi. Nikapanda tena.

Wamarekani nao wana lao. Mwaka 2018 gazeti la Wall Street Journal liliandika kwamba kuna watu wanaingia kwenye viwanja vya Disney na majivu ya ndugu zao, wanayamwaga kwa siri kwenye maua au kwenye michezo, wafanyakazi wanalazimika kuyasafisha. Kwetu tunazika, hilo halipo, na sitetei kuvunja sheria ya mwenye kiwanja. Ila hamu yao naielewa. Wanataka marehemu abaki pale walipocheka naye.

Mpaka upo lakini, na tuuseme. Kule Kilifi, pwani ya Kenya, kuna disko matanga. Muziki unapigwa usiku kucha kwenye msiba, na mwanzo lengo lilikuwa kuchangisha hela za mazishi. Likaharibika. Wasichana wadogo wakawa wanarubuniwa gizani, viongozi wakalipiga marufuku kwa sababu ya mimba za utotoni. Kwangu tofauti ni moja: pale marehemu ameshasahaulika, jina lake limekuwa tiketi ya watu wengine. Kama kwenye bata lako hakuna anayemtaja bibi, hilo ni bata tu. Halina ubaya, ila usilipe jina lake.

Na isiwe lazima Dar. Kama mfuko umekauka, Chinangali Park ipo hapa hapa mjini, watoto wanacheza, wakubwa mnapiga stori. Nyerere Square nayo ipo. Beba karanga zake, anza na stori yake mbaya kuliko zote, ile iliyomfanya achapwe na mama yake utotoni. Bibi yangu aliwahi kutoroka shambani kwenda kupiga muheme kijiji cha jirani. Muheme ni ngoma ya wanawake wa Kigogo, unaibana katikati ya mapaja, mikono miwili juu ya ngozi, na bibi alikuwa noma kwenye hiyo kitu mpaka uzeeni.

Ndiyo maana mabinamu zangu wameamua kujifunza kuipiga. Chamwino kuna tamasha la muziki wa Kigogo, wanataka kusimama pale na vitenge vyake. Mwalimu amepatikana, mama wa makamo, mkali kichizi, hataki simu uwanjani. Mazoezi ni kwa shangazi, Jumapili saa kumi jioni, jua likishapoa. Mabinti wa kitaa mnaruhusiwa. Mje na kanga ya kujifunga kiunoni, na mwenye bibi aliye hai aje naye, viti vipo.