Kabla msuli haujakua, neva hujifunza

Katika vijiwe vingi vya mazoezi vya uswahilini, chuma si lazima kiwe chuma. Makopo mawili ya rangi hujazwa zege, yakaunganishwa kwa bomba, na vijana wakaanza kupiga tizi. Kifaa hicho hakina kasoro: kilo 20 za zege ni kilo 20 vilevile. Kasoro huja wiki ya pili, kijana anapomwona mwenzake ananyanyua makopo makubwa zaidi, naye akayafuata. Ili mikono ipandishe mzigo, kiuno kinasukwasukwa, mgongo unapinda kwa nyuma, mabega yanapanda hadi karibu na masikio. Mzigo unafika juu, ni kweli. Lakini msuli aliokuja kuujenga umefanya sehemu ndogo ya kazi, na iliyobaki imebebwa na mgongo ambao haukuandaliwa kwa kazi hiyo.

Kosa hili linatokana na imani kwamba nguvu ni nyama tu: mkono mnene una nguvu, mwembamba hauna. Ukubwa wa msuli una nafasi yake, hilo halina ubishi. Ila nguvu anayoipata mtu katika wiki zake za kwanza za mazoezi haitoki huko.

Msuli haujiendeshi. Kila uzi wake unasubiri amri, na amri hiyo hutoka kwenye ubongo, ikashuka kwenye uti wa mgongo, kisha ikapita kwenye neva hadi kwenye nyama. Seli moja ya neva katika uti wa mgongo huongoza kikosi kizima cha nyuzi. Kwenye misuli midogo inayozungusha jicho, kikosi kina nyuzi chache. Kwenye misuli mikubwa ya mguu, nyuzi zinaweza kupita elfu moja. Kamanda akiita, nyuzi zake zote huvuta kwa pamoja. Unapoinua kikombe cha chai, ubongo huita vikosi vidogo. Unapojitwisha ndoo ya lita 20, vikosi vikubwa navyo huitwa, na siku zote kwa utaratibu uleule: vidogo kwanza, vikubwa baadaye. Mmarekani Elwood Henneman ndiye aliyeueleza utaratibu huu katika miaka ya 1950 na 1960.

Mtu anayeanza mazoezi ana vikosi hivyo vyote, lakini ubongo wake haujazoea kuviita vingi kwa wakati mmoja. Zaidi ya hapo, anapokunja kiwiko, msuli wa nyuma ya mkono unakaza pia na kumvuta upande wa pili, kama mtu anayeendesha baiskeli huku ameshika breki. Ndiyo maana chuma huyumba mikononi mwake siku ya kwanza, na wiki tatu baadaye uzito uleule hutulia, ingawa futi ya fundi cherehani ikizungushwa mkononi haitaonyesha tofauti ya maana. Mwaka 1979 watafiti Toshio Moritani na Herbert deVries waliufuatilia mwendo huo kwa kupima umeme wa misuli pamoja na ukubwa wake. Waliona kwamba mwanzoni nguvu iliongezeka kwa sababu ya neva, na mchango wa kukua kwa msuli ukashika nafasi baada ya wiki chache.

Ushahidi unaonigusa zaidi umetoka kwa wazee. Mwaka 1990, daktari Maria Fiatarone na wenzake wa Boston walichapisha matokeo ya wazee 10 dhaifu, wakazi wa nyumba ya kutunzia wazee, ambao umri wao wa wastani ulikuwa miaka 90. Kwa wiki 8 walifanyishwa mazoezi ya mapaja kwa uzito ulioongezwa hatua kwa hatua. Waliomaliza, nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Misuli ya mapaja yao iliongezeka ukubwa kwa asilimia 9 hivi. Ziweke tarakimu hizo mbili pamoja, 174 na 9, na utaona ni kiasi gani cha nguvu kilikuwa tayari mwilini kikisubiri kuitwa.

Watafiti wengine walienda mbali zaidi wakauliza: je, amri ikitolewa bila msuli kusogea? Mwaka 1992, Guang Yue na Kelly Cole wa Chuo Kikuu cha Iowa waliwataka watu wafanye mazoezi ya kidole kidogo cha mkono kwa wiki 4. Kundi moja lilikaza misuli kwelikweli, lingine lilifikiria tu kwamba linaikaza, mkono ukiwa umetulia. Waliokaza walipata nguvu zaidi kwa asilimia 30; waliofikiria, asilimia 22. Matokeo haya yasimfanye mtu aache kwenda mazoezini akalala kitandani anawaza vyuma. Kidole ni kidole. Mfupa, moyo na mapafu havijengwi kwa kuwaza. Faida yake ipo kwa aliyefungwa plasta. Mwaka 2014 Brian Clark na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ohio waliwafunga watu wazima vifundo vya mikono kwa wiki 4. Wasiofanya lolote walipoteza asilimia 45 ya nguvu zao. Waliokuwa wakifikiria kwamba wanakaza misuli hiyo walipoteza asilimia 24.

Maana yake kwa mpiga tizi wa kawaida ni nzito. Ikiwa wiki za mwanzo ni darasa la neva, basi kila unachokirudia ndicho unachokifundisha. Anayerusha chuma kwa kiuno mara 40 kwa siku anaufundisha ubongo kukitumia kiuno, na ubongo unajifunza vizuri sana. Baadaye, kulifuta somo hilo ni kazi kubwa kuliko kufundisha lililo sahihi tangu mwanzo. Kocha anayesimama pembeni akipiga kelele za "ongeza, ongeza!" kwa mtu wa wiki ya pili anamdhulumu, hata kama nia yake ni njema.

Uzuri ni kwamba Afrika Mashariki haihitaji kwenda mbali kuona ufundi unavyopunguza uzito wa mzigo. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha vipimo vya wanawake wa Kijaluo na Kikuyu wa Kenya waliozoea kubeba mizigo tangu utotoni. Walibeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nishati zaidi ya ile ya kutembea mikono mitupu. Mwaka 1995 watafiti walieleza sababu. Tunapotembea, mwili hupanda na kushuka kidogo kama pendulamu ya saa iliyogeuzwa juu chini, na sehemu ya nishati ya hatua moja hutumika katika hatua inayofuata. Wanawake wale, wakishabeba, walihifadhi nishati hiyo vizuri zaidi kuliko wasipobeba. Watafiti waliowapima wanawake wa Afrika Kusini miaka ya baadaye hawakuikuta nafuu hiyo kwa kila mtu, na hilo halinishangazi: ufundi hautolewi kwa kuzaliwa mahali fulani, unapatikana kwa mwili uliorudia jambo moja kwa usahihi kwa miaka mingi.

Sasa, akili iwe wapi wakati wa kunyanyua? Hapa majibu ni mawili, kutegemea unachotafuta. Ukitaka msuli ukue, uelekeze mawazo kwenye msuli wenyewe. Katika utafiti wa Brad Schoenfeld wa mwaka 2018, vijana 30 wasio na mazoea ya vyuma walifanya mazoezi kwa wiki 8. Walioambiwa waubane msuli kwa makusudi, msuli wa mbele wa mkono uliongezeka unene kwa asilimia 12.4; walioambiwa wafikirie tu kuupandisha uzito, asilimia 6.9. Kwenye mapaja tofauti haikuonekana wazi, pengine kwa sababu tumezoea kuitumia mikono kwa umakini kuliko miguu. Lakini ukitaka kuruka mbali, au kunyanyua uzito wako mkubwa kabisa, mawazo yatoke nje ya mwili: isukume ardhi, kipeleke chuma kwenye dari. Gabriele Wulf, mtafiti aliyelifanyia kazi suala hili tangu miaka ya 1990, ameonyesha mara nyingi kwamba anayeufikiria mguu wake wakati wa kuruka hujikwaza mwenyewe.

Uzito nao una mpaka. Wanaume waliozoea kusukuma chuma wakiwa wamelala kwenye benchi waliweza kuuamsha zaidi msuli wa kifua au wa nyuma ya mkono kwa kuufikiria tu, ilimradi uzito haukuzidi asilimia 60 ya uwezo wao. Ulipofika asilimia 80, uwezo huo wa kuchagua ulitoweka.

Kuhusu pumzi sitarefusha, ila lazima niseme. Wajenga misuli watano waliopimwa Kanada mwaka 1985 wakisukuma mzigo mzito kwa miguu walifikisha presha ya wastani wa 320 kwa 250. Kubana pumzi kulichangia. Toa pumzi unaposukuma, vuta unaporudisha, na mwenye presha ya kupanda amwone daktari kabla ya kugusa uzito mkubwa.

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima waimarishe misuli angalau siku 2 kwa wiki. Siku mbili zinatosha kuanza, na makopo ya zege yanatosha pia. Mara ijayo utakapofika kijiweni, chagua uzito unaoweza kuunyanyua mara 12 bila kiuno kuyumba. Weka simu mbali. Ushushe mzigo kwa sekunde tatu, ukiusikia msuli unavyofanya kazi njia nzima. Mwombe mwenzako akutazame ubavuni, maana mgongo wako huuoni. Na usiongeze hata kilo moja mpaka unyanyuaji wa mwisho ufanane na wa kwanza.