Kisu cha Mfukoni: Shika Bawaba Kabla ya Makali
(Vyombo vya Kazi, sehemu ya tatu)

Juma lililopita tuliachana kwenye jembe na panga. Hivyo ni vyombo ambavyo mnunuzi wa huku kwetu hadanganywi kwa urahisi, maana amevishika tangu utotoni. Leo tunaingia kwenye chombo kidogo ambacho kila siku ya soko huwatoa watu pesa zao bure: kisu cha kukunja, kile cha kutia mfukoni.

Nianzie Kipsongo. Mtaa huu ulio pembezoni mwa Kitale una wakazi wengi wenye asili ya Turkana, ambao ukame na wizi wa mifugo uliwafanya wao au wazazi wao kupanda hadi huku kwenye baridi. Kwao kisu cha kila siku kilikuwapo kabla ya hiki cha dukani, nacho kinaitwa abarait. Ni bamba la chuma la mviringo linalovaliwa mkononi kama bangili, makali yakiwa upande wa nje, na ukingo wote umefunikwa kwa ukanda wa ngozi. Ukitaka kukata nyama au kamba, unavua ngozi, ukimaliza, unairudisha. Chuma kilitoka kwa majirani, wakiwamo wafuaji wa Labwor upande wa Uganda, kama vile huku kwetu majembe ya Wasamia yalivyosafiri mbali na hata kulipwa kama mahari.

Nakitaja kisu hicho kwa sababu hakina springi wala skrubu, hakina kitu cha kulegea. Ukikilinganisha na cha kukunja, unaona mara moja ni nini kimeongezwa: bawaba. Na kwenye bawaba ndiko ubovu mwingi huanzia. Chuma siku hizi si ghali. Kinachogharimu ni kazi ya kuoanisha vipande vitatu au vinne hadi vikae bila kucheza, na kazi hiyo ndiyo ya kwanza kupunguzwa na kiwanda kinachotaka kuuza kwa bei ya chini. Kwa hiyo ukifika kwa mchuuzi, usianze kwa kupitisha kidole gumba kwenye makali. Makali hutiwa na yeyote mwenye kinoo. Wewe shika bawaba.

Kisu kikiwa kimefungwa, kielekeze kwenye mwanga na uchungulie ndani ya mpini. Ubapa unatakiwa kulala katikati. Ukiona umeegemea upande mmoja hadi unakwaruza, jua hata waliokiunganisha hawakukitazama mara ya pili. Sasa kifungue polepole na usikilize. Kinapofika mwisho kinapaswa kutoa mlio mmoja mkavu. Shika mpini kwa mkono mmoja, ubapa kwa vidole vya mkono wa pili, usukume kulia na kushoto. Kikicheza kidogo, tazama kama bawaba imefungwa kwa skrubu. Ikazwe robo mzunguko, ujaribu tena. Kama ni ribiti, hakuna cha kukaza ila kwa nyundo, na nyundo hiyo yataka fundi anayejua pa kuishia.

Kisha sukuma juu na chini, kama mtu anayetaka kukikunja kwa nguvu. Hapa sina huruma. Kisu kipya kinachocheza juu na chini kiache mezani hata ukipunguziwa bei kwa nusu, kwa sababu maana yake ni kwamba komeo halikai mahali pake, na hakuna skrubu ya kuliponya.

Komeo lenyewe, katika visu vingi vya bei nafuu, ni ulimi wa bati ulio ndani ya mpini, ambao huruka kando na kuziba njia ya mkia wa ubapa. Tazama umesimama wapi. Kisu kikiwa kipya, ulimi unafaa kugusa theluthi ya kwanza ya upana wa mkia, kwani kadiri unavyotumika ndivyo unavyosogea kuelekea upande wa pili. Ukiukuta umeshafika ng'ambo siku ya kununua, safari yake imekwisha kabla ya yako kuanza. Omba kibao, ugonge mgongo wa kisu juu yake kwa wastani, vidole vyote vikiwa nje ya njia ya makali. Komeo likiachia, rudisha kisu.

Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona matokeo yake. Kijana mmoja jirani yangu alikuwa akitoboa mtungi wa plastiki ili aufanye ndoo ya kunyweshea ndama. Kisu kikajikunja juu ya kidole chake cha shahada. Alishonwa vizuri, lakini kidole hicho hakinyooki hadi leo, na yeye ni mtu wa kukamua ng'ombe asubuhi na jioni.

Bei ya chini peke yake si kosa. Mwaka 1890, katika milima ya Savoie huko Ufaransa, Joseph Opinel alianza kutengeneza kisu cha kukunja ambacho wakulima wangeweza kukimudu: mpini wa mti, ubapa mmoja, ribiti moja. Mwaka 1955 kikaongezewa pete ya chuma kwenye shingo ya mpini. Ukiizungusha, ubapa hauwezi kujikunja. Basi, hakuna zaidi ya hapo, na kisu hicho kingali kinauzwa. Kina udhaifu wake: mti ukilowa huvimba na ubapa ukakwama, jambo ambalo mtu wa Kitale katika msimu wa mvua atalijua haraka. Lakini aliyekibuni alijua pesa chache alizonazo aziweke wapi.

Tuje kwenye chuma, ambako maandishi hupotosha zaidi kuliko kuelimisha. Neno "stainless" likichongwa kwenye ubapa linakwambia kisu kinastahimili kutu, wala halisemi lolote kuhusu ugumu wake. Neno "surgical" pia halisemi kitu. Ukikuta alama kama 3Cr13 au 8Cr13MoV, hizo ni za vyuma vya Kichina na zinasomeka: tarakimu ya kwanza ni kaboni kwa sehemu za kumi za asilimia, na ile inayofuata Cr ni asilimia ya kromiamu. Basi 3Cr13 ina kaboni ya asilimia 0.3 hivi, nayo ni laini na hupoteza makali upesi. 8Cr13MoV ina kama 0.8, na kwa kisu cha bei nafuu ni chuma cha kuridhisha kabisa. Alama inaweza kuwa ya uongo, ndiyo, lakini asiyeandika chochote hajakuahidi chochote.

Hata hivyo chuma kizuri kikipashwa moto vibaya ni bure. Harry Brearley wa Sheffield alipotengeneza chuma kisichoshika kutu mwaka 1913, visu vya kwanza vilivyotokana nacho vilikataa kukata, na watu wa mji wake wakamdhihaki kwa hilo. Chuma hakikuwa na kosa. Wafuaji walikuwa bado hawajajua kipashwe moto kiasi gani kabla ya kupozwa.

Kuna vipimo viwili ambavyo mtu wa kawaida anaweza kuvifanya. Cha kwanza wanakijua waokotaji wa vyuma chakavu, wanaotembea na sumaku iliyong'olewa kwenye spika ya redio mbovu. Wengi hudhani chuma kisichoshika kutu hakinasi kwenye sumaku. Hiyo ni kweli kwa vijiko na masufuria mengi, lakini chuma cha kisu kinachoweza kutiwa ugumu kwa moto lazima kinase. Sumaku ikikataa kushika ubapa, umeuziwa kijiko chenye ncha.

Kipimo cha pili ni tupa. Iguse kwa upole kwenye mgongo wa ubapa, karibu na bawaba, pasipoonekana, na kwa idhini ya mwenye mali. Kwenye chuma laini inauma papo hapo kama inavyouma msumari. Kwenye chuma kilichotiwa ugumu inateleza na kulia, ikitoa vumbi kidogo tu.

Mwisho, kitazame kisu kutoka kwenye ncha, usawa wa jicho. Visu vingi vya bei ya chini ni vinene mno nyuma ya makali, kama shoka dogo. Vinapasua kiazi badala ya kukikata. Unene huo huwavutia wanaume wanaofikiri ndio nguvu. Kisu cha mfukoni ni cha kukata kamba ya gunia, kumenya chungwa, kufungua pakiti ya mbegu. Nimewaona vijana Bungoma wakimenyea miwa kwa visu hivi, wakivipinda kwenye fundo la muwa, kisha wakilaumu kiwanda bawaba inapofunguka. Muwa una panga lake.

Nina kisu cha chuma cha kaboni nilichoachiwa na baba. Miaka kadhaa iliyopita nilikipeleka kwa mnoaji mmoja wa sokoni, wale wa jiwe linalozungushwa kwa pedeli za baiskeli. Alikuwa na foleni ndefu na hakukitia maji. Nilisimama nikiona cheche, nikafurahi. Aliponirudishia, kwenye makali kulikuwa na mstari wa rangi ya buluu, mwembamba kama uzi. Buluu hiyo hutokea chuma kinapofika nyuzi 300 hivi za Selsiasi, wakati kisu cha namna hiyo mara nyingi hutulizwa kwa nyuzi 200 hivi tu baada ya kutiwa ugumu. Kikipita hapo, ugumu huondoka. Kwa mwezi mzima nilikuwa nakinoa asubuhi, na jioni kimekuwa butu tena.

Nilikaribia kukitupa. Kisha nikachukua tupa, nikaanza kuuondoa ule ukingo taratibu, nikichovya kisu kwenye maji kila baada ya mikwaruzo michache. Mwanzoni tupa ilikuwa inaingia kama kwenye sabuni. Nilipofika kama milimita mbili, ikaanza kuteleza na kulia.

Nikaiweka chini, nikachukua kinoo.