Magongo Yaanzie Shule ya Msingi

Wajaluo walikuwa na mchezo wao wa jadi uitwao adhula: gongo lililopinda ncha, mpira mdogo, na makundi mawili yakiuwania. Kwa hivyo, anayeshikilia kwamba mpira wa magongo ni mgeni kwa mtoto wa Asembo Bay ana deni la kunieleza jina hilo lilitoka wapi. Aghalabu lugha haipotezi neno lake kwa kitu ambacho wasemaji hawana.

Hoja yangu ni kwamba shule za msingi za eneo hili zitenge vipindi viwili kila wiki, katikati ya siku ya masomo, vya kuwafunza watoto wa Gredi ya Nne hadi ya Sita stadi za mchezo huu.

Msomaji atauliza, kwa nini isiwe jioni? Jibu li katika maisha ya msichana wa ziwani. Kengele ya mwisho ikilia, kuna maji ya kuteka, kuna omena ya kuanua, kuna mdogo wake wa kubebwa. Mazoezi ya jioni humchuja kimyakimya, kisha sisi husema hakupenda michezo. Ajabu ni kwamba karibu naye zipo shule za sekondari za wasichana, Nyamira ya Bondo na Sinyolo ya Kisumu, zilizojijengea jina nchini kwa mchezo uo huo.

Isitoshe, mtoto anayeshika gongo mara ya kwanza akiwa na miaka 14 amechelewa. Sheria inaruhusu upande mmoja tu wa gongo, ule ulio bapa, kuugusa mpira. Wala hakuna gongo la mashoto. Mkono wa kushoto hukaa juu, na kiwiko chake ndicho kinachogeuza gongo mpira unapohama upande. Ufundi huo, kama yalivyo matamshi ya lugha, humkaa mtu angali mdogo.

Kenya iliwahi kutisha. Mwaka wa 1964 ilishika nafasi ya sita katika Olimpiki za Tokyo, na mwaka wa 1971, chini ya nahodha Avtar Singh Sohal, ikawa ya nne katika Kombe la Dunia mjini Barcelona. Wachezaji wengi walikuwa Wakenya wenye asili ya Asia, waliolelewa katika shule na vilabu vya mijini. Wengi wao walipohama nchi, pengo halikuzibika upesi. Nyasi bandia nazo, zilizoingia Olimpiki mwaka wa 1976, zikaongeza gharama. Mara yetu ya mwisho kushiriki Olimpiki katika mchezo huu ilikuwa Seoul, 1988.

Lakini stadi za awali hazihitaji nyasi bandia. Tawi lililopinda, mpira wa tenisi uliochakaa na uwanja uliofyekwa vinatosha, mradi mwalimu akataze kuinua mpira na gongo kupita magoti.

Muda nao upo. Ratiba tayari ina vipindi vya michezo. Ni hisabati inayovila, hasa mitihani ikikaribia, na walimu wenzangu wanalijua hilo. Ningechagua kile cha kabla ya mapumziko ya saa nne, jua la ziwani likiwa bado halijakomaa.