Baga ya Sh18,000 Songea: hela yako inaenda wapi?

Elfu kumi na nane. Ndiyo bei niliyolipa wiki iliyopita kwa baga moja na chipsi kwenye mgahawa mmoja hapa Songea mjini. Jina naliacha.

Nilisubiri dakika 50. Ikaja mkate unaomeguka, nyama nyembamba ngumu kama soli, kipande cha chizi ambacho hata hakikuyeyuka, na chipsi zilizopoa. Kwenye picha ya Insta baga hiyo hiyo ilikuwa ndefu kama ghorofa.

Kwa mtu wa Ruvuma hiyo si hela ndogo. Mwaka 2024 NFRA ilinunua mahindi kwa Sh700 kwa kilo. Kwa bei hiyo, baga moja ni zaidi ya kilo 25 za mahindi. Debe zima na chenji.

Sasa, tunapigwa au ndiyo gharama halisi? Tupige hesabu.

Nyama ni sehemu ndogo

Tuseme kilo ya nyama ya ng'ombe buchani ni Sh12,000. Baga ya kawaida inabeba kama gramu 150, kwa hiyo kilo moja inatoa baga sita. Hapo nyama ni Sh2,000. Ongeza mkate, nyanya, kitunguu, sosi, viazi na mafuta ya kukaangia. Hata ukikadiria kwa ukarimu Sh3,000, jumla ni Sh5,000.

Bado Sh13,000. Zinaenda wapi?

Kama mgahawa umesajiliwa VAT, karibu Sh2,745 ndani ya bei hiyo ni kodi ya asilimia 18. Lakini tangu Julai 2023, usajili ni lazima kwa mauzo yanayofika Sh200 milioni kwa mwaka. Angalia risiti ya EFD: kama haina namba ya VRN, basi ukiambiwa "bei iko juu sababu ya VAT", usikubali.

Halafu kuna pango, mishahara, umeme, gesi. Na kuna barabara. Songea haina reli, hivyo mayonezi, maboksi yenye nembo na vingine vya dukani vinavyotoka Dar vinasafiri zaidi ya kilomita 900 kwa lori. Unga wa mkate nao una safari yake, maana sehemu kubwa ya ngano tunayotumia nchini inatoka nje.

Ila tusisingizie usafiri kwa kila kitu. Viazi vinalimwa Njombe, jirani zetu tu. Nyanya na vitunguu viko Soko Kuu.

Kwa maoni yangu, kinachopandisha bei zaidi ni uchache wa wateja. Nilipomuuliza mhudumu kama nyama ni ya leo, alinijibu bila kuficha: "Ilikuwa friza kaka, baga haziendi sana huku."

Muuza chipsi mayai wa pale Mfaranyaki anauza sahani baada ya sahani, mzigo unaisha usiku huo huo. Mwenye baga akiuza nne kwa siku, hizo nne ndizo zinalipa friza, mpishi na pango. Mkate wa Jumatatu unaliwa Alhamisi. Bei inafukuza watu, na watu wakipungua bei inapanda tena. Huku chakula kinazidi kuchacha.

Mbona nyama ilikuwa kavu?

Hili halihusiani na bei kabisa. Nyama ya baga inataka mafuta, karibu asilimia 20. Ng'ombe wetu wa asili wanaokula majani hawana mafuta mengi ndani ya nyama, na sisi buchani tunapenda kuomba steki tupu. Ukisaga steki tupu ukaikaanga, unapata soli.

Na usiombe ibaki nyekundu katikati ili iwe laini. Kusaga kunachukua vijidudu vya juu ya nyama na kuvipeleka ndani, kwa hiyo nyama ya kusaga lazima iive yote, hadi nyuzi joto 71. Dawa ni kusaga pamoja na mafuta kidogo, kutoikandamiza na mwiko kwenye kikaango, na kuitoa ikishaiva tu. Havihitaji mtaji wowote.

Unaweza kudai nini?

Zamani, kuanzia 1973, kulikuwa na Tume ya Bei ya Taifa. Soko huria likaiondoa. Leo EWURA inatangaza bei kikomo za mafuta ya petroli na dizeli, lakini baga haina kikomo. Kama Sh18,000 imeandikwa kwenye menyu na umeagiza, hujaibiwa.

Kosa ni kudanganya. Sheria ya Ushindani ya 2003, inayosimamiwa na FCC, inakataza kumpotosha mteja kuhusu bidhaa au bei yake. Menyu ikisema gramu 200 ikaja nusu yake, au bili ikazidi bei iliyoandikwa, hapo una hoja. Nyama kuwa ngumu tu, hapana.

Kwa hiyo sema mapema, ukiwa umekula vipande viwili vitatu. "Dada, hii imepoa, naomba mnibadilishie" inatosha, na mara nyingi wanabadilisha. Ukishamaliza sahani, nani atakuelewa?

Risiti ya EFD idai hata kama umekasirika. Inaonyesha tarehe, bei na nani kakuuzia, na ndiyo utakayoambatanisha ukiamua kupeleka malalamiko FCC.