Kichinjio kikibaki kabatini

Mitaani kadi ya mpiga kura inaitwa kichinjio, na mwaka 2010 Mbeya Mjini na Iringa Mjini walikitumia kama jina lake linavyosema. Mbeya ilimpeleka bungeni Joseph Mbilinyi, yaani Sugu, msanii wa hip hop. Iringa ikampeleka Mchungaji Peter Msigwa. Wote wawili wa CHADEMA, na wote walirudishwa 2015. Ilipofika 2020 majimbo hayo yalikwenda CCM, kwa Dk. Tulia Ackson na Jesca Msambatavangu.

Ukiuliza kilichotokea, utaambiwa dola ilikaza. Ni kweli. Mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa Nyololo, Mufindi, Septemba 2, 2012, polisi walipokuwa wakitawanya wafuasi wa CHADEMA. Mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa kuanzia 2016 hadi Januari 2023. Sugu mwenyewe alifungwa 2018 kwa maneno aliyomsema Rais. Ila maelezo hayo yanamfanya mpiga kura abiria tu, asiyejua basi linakwenda wapi.

Lakini mpiga kura naye ana mkono wake. Tuanze na takrima, yaani zawadi na chakula ambavyo mgombea huwapa wapiga kura. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi iliiruhusu kwa jina la ukarimu wa jadi. Mahakama Kuu ikaifuta Aprili 2006. Kilichofutwa ni kifungu cha sheria, mazoea yakabaki. Simlaumu sana mama anayepokea kanga na sahani ya pilau, maana pengine ndicho kitu pekee atakachopata kwa miaka mitano. Ubaya uko kwingine. Kanga ikishapokelewa, hesabu imefungwa: tulishalipana. Barabara ikiharibika, mbunge hana deni, na yeye mama anaona haya kudai.

Mwaka 2015 wapinzani walihimiza watu wapige kura kisha wakae umbali wa mita 200 kutoka kituoni kuzilinda. Siku chache kabla ya uchaguzi Mahakama Kuu ikakataza: piga kura, rudi nyumbani. Kisheria jambo likaishia hapo. Tatizo ni kwamba wengi tulirudi nyumbani kwa miaka mitano mizima. Baadaye wabunge na madiwani wa upinzani walipohamia CCM mmoja mmoja "kuunga mkono juhudi" za Rais, wananchi waliowachagua hawakuwa na kikao hata kimoja cha kuwauliza. Msigwa naye, akiwa si mbunge tena, alihamia CCM Juni 2024.

Takwimu za nchi nzima zinaeleza upande mwingine. Waliojitokeza kupiga kura ya rais walikuwa asilimia 72 mwaka 2005, wakashuka hadi 43 mwaka 2010, wakapanda hadi 67 mwaka 2015, wakashuka tena hadi 50 hivi mwaka 2020. Tazama 2010: mwaka ambao miji yetu miwili iligeuka ndio ambao zaidi ya nusu ya Watanzania walioandikishwa hawakwenda kituoni. Aliyebaki nyumbani mwaka ule aliamuliwa na wenzake, na hana wa kumlaumu.

Oktoba 29, 2025 ni habari nyingine. CHADEMA haikuwemo kwenye karatasi ya kura, na mwenyekiti wake, Tundu Lissu, alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini. Tume ilitangaza mahudhurio ya asilimia 87 na ushindi wa mgombea wa CCM kwa karibu asilimia 98. Aliyeacha kichinjio kabatini siku ile huenda alikuwa mvivu, huenda alitii dhamira yake. Kwa nje hawatofautiani. Kumhukumu kwa kipimo cha 2010 ni kumwonea.

Mahali pa kumtofautisha mvivu na mwenye dhamira ni padogo na hapana kamera. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe. Hapo hakuna kanga wala pilau. Akidi isipotimia mwenyekiti anaahirisha, taarifa inarudi kwenye faili, na watu wanawahi mashambani.